Bwana Mifugo Aliyeogopa Ng'ombe

Andika kwanza kwamba aliogopa ng'ombe. Wengi walioangua kicheko mbele yake hawakulijua hilo, na ukiliacha nje hutamwelewa mtu huyu hata kidogo. Msukuma mzima, mwenye mke na watoto, akikutana na kundi linalorudi kutoka malishoni, aliiacha njia akasimama ndani ya mtama wa watu hadi mkia wa mwisho upite. Nyumbani kwake alifuga mbuzi na bata. Tulipomuuliza sababu, alijibu, "Ng'ombe hacheki. Siwezi kukaa na kiumbe asiyecheka." Kisha alinitazama mimi.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Habari hizo ni za watu wa nyumba yake. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na nitasema pia nilichomtendea. Mimi ndiye niliyemnyang'anya igizo lake bora kuliko yote, na hadi bibi yako anafukiwa hakuna aliyelijua jambo hilo ila yeye na mimi. Kwa hiyo usilainishe neno. Nikisema kosa, andika kosa.

Tulimwita Mchekeshaji, ingawa kazi iliyompa ugali kwa miaka mingi ilikuwa kushindilia pamba katika ghala la chama cha ushirika. Ushirika ulikuwa na kikundi cha utamaduni, na kila msimu kikundi hicho kilizunguka vijijini kikitufundisha kwa michezo ya kuigiza: pandeni mapema, pulizieni dawa, ng'oeni masalia ya pamba mkayachome. Katika kila mchezo alikuwamo Mkulima Bora, kijana mwenye kifua na sauti. Leo nikikuuliza uso wa Mkulima Bora ulikuwaje, hakuna mzee wa upande wa Nkololo atakayekujibu. Tunamkumbuka yule aliyeingia mara moja, akasema maneno kumi, akatoka: karani wa mzani alambaye kidole, mlevi aliyekwenda kuomba radhi akaingia nyumba siyo, mama mkwe aliyekagua vyungu. Wote hao walikuwa yeye.

Hakutaka nafasi kubwa. "Nipeni muda wa kunywa kata moja ya maji," alikuwa akiwaambia viongozi wa kikundi. "Anayekaa sana uwanjani huchosha kama mgeni wa siku ya nne."

Kusoma hakujua, kama nisivyojua mimi. Mtunza ghala alimsomea maneno yake mara moja tu wakati yeye yumo ndani ya gunia akishindilia, na kila neno alilipigia mguu mmoja chini. Gunia likijaa, mchezo umekwisha kuingia mwilini. Alisema mtu huanzia kwenye nyayo. "Uso huongopa, mdomo huongopa, lakini kisigino hakijui kuongopa." Ndiyo maana aliomba watu viatu vyao vilivyochakaa, raba na katambuga za mpira wa gari, akavivaa siku nzima ghalani ili ajue mwenyewe aliegemea upande gani. Mimi nilimnyima zangu. Akaniambia hazikuwa na haja, kwa kuwa mwendo wangu ulisikika hata nikiwa nimeketi.

Sikiliza jinsi alivyokuwa stadi. Siku moja alitoka akiwa mama mkwe, kanga imefungwa juu ya matiti, ungo mkononi. Nawe unajua desturi yetu: mwanamume haketi akakodolea macho mama mkwe wake, humpisha. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa mbele aliinuka, akainamisha kichwa, akaondoka mbio kupitia katikati ya watu. Alipofika kwenye uzio wa ghala ndipo alipokumbuka kwamba mama mkwe wake alikuwa amekwisha kufa, na kwamba yule wa uwanjani alikuwa na ndevu. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mimi sikucheka. Nilidhani kwamba mtu yule alifanya adabu, na adabu haichekwi hata ikikosea mahali.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mtu mwenye mji wake na ng'ombe wake hakuonyesha meno mbele za watu. Mchekeshaji alilijua hilo, na kila alipoingia uwanjani alinitafuta kwa macho katika umati. Baada ya mchezo alinijia huku akijipangusa jivu usoni.

"Mwadila, namhala," aliniamkia kwa Kisukuma, akiniita mzee.

"Mwadila."

"Leo nilikukaribia. Shavu lilitikisika."

"Lilikuwa inzi."

"Basi inzi huyo ana akili kuliko wewe. Yeye alielewa."

"Jaribu mwakani."

"Mwakani nitakupata, na utacheka hadi uombe maji."

Watu walishangaa kwamba sikukasirika. Sikukasirika kwa sababu, na hili sikuwahi kumwambia yeyote, nilitembea mwendo wa nusu siku kwenda kumwona. Mtu asiyecheka haendi mbali hivyo kwa bahati mbaya.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Niliwahi kulala kwake wakati wa mvua kubwa, nikaona chakula kinaliwa kimya kama cha matanga. Watoto wake walimwogopa kuliko wangu walivyoniogopa mimi. Pombe hakuitia mdomoni, naye ndiye mlevi bora tuliyepata kumwona. Kanisani aliketi benchi la mwisho, na mchungaji alimwomba asishike zaka, maana akiinuka tu na bakuli waumini walianza kutetemeka mabega. Hilo lilimuuma. "Siku nikifa," aliniambia, "watangojea niinuke niseme neno la mwisho."

Sasa nifike kwenye miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa.

Mimi sisemi miaka ile ilikuwa mibaya. Kabla yake tulioga kwa majivu na kufungua begi la sukari kama tunafungua Biblia. Ruksa ilipokuja, maduka yalijaa sabuni, betri na vitambaa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori na mizani yao, wakapiga honi, na watu wakawakimbilia. Lakini ghala la ushirika lilifungwa, na Mchekeshaji akabaki hana gunia la kushindilia. Kikundi kilivunjika. Mkulima Bora alikwenda Bariadi mjini kuuza betri. Serikali nayo ilipunguza watumishi wake. Bwana mifugo wetu alipewa barua, akafunga mzigo kwenye baiskeli, akaenda kwao. Josho letu la kuogeshea ng'ombe lilikauka, wakaingia vyura, halafu hata vyura wakahama.

Katika ukame huo ndipo Mchekeshaji alipochanua. Siku ya gulio mchuuzi alifungua robota la mitumba, na ndani yake likatoka koti jeupe refu, mfuko mmoja umechanika. Mchekeshaji alilitazama kama mtu anayemwona ndugu yake aliyepotea. Alilichukua, akatafuta faili kuukuu na kalamu ya kuweka nyuma ya sikio, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatunga mchezo wake mwenyewe, usio na Mkulima Bora, usio na mafunzo ya ushirika, ulio wake peke yake. Akawa Bwana Mifugo.

Huyu alikuwa ofisa ambaye hana dawa hata tone moja, ila ana faili. Hakumtazama ng'ombe, alimpima mwenye ng'ombe. Alimfungua mdomo, akamhesabu meno, akaandika, akapiga muhuri hewani. Mtu yeyote katika umati aliruhusiwa kumwendea na shida yake, akajibiwa papo hapo. Huo ndio ulikuwa utamu wake. Naye aliyekuwa akikimbilia mtamani alisema, "Mimi nina ng'ombe elfu ndani ya faili hili, na hawajapata kunipiga pembe." Watu walikuja kutoka mbali. Mnunuzi mmoja wa pamba alitaka kumpakia kwenye lori lake amzungushe Maswa na hadi Shinyanga. Watu wa redio nao walileta habari kwamba baada ya mavuno wangekuja kuichukua sauti yake. Alikuwa amekwisha kuota mvi, na kwa mara ya kwanza watu hawakuja kumtazama mtu mwingine, yeye akapita. Walikuja kumtazama yeye.

Mimi sikuwa nimeuona mchezo huo, wala sikuwa na habari zake. Msimu ule nilikuwa na msiba na sikutoka. Kisha maksai wangu mwekundu, kiongozi wa plau, aliacha kula. Tezi zilimvimba chini ya masikio, machozi yakamtoka, pumzi ikawa nzito. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba serikali imetuletea bwana mifugo mpya, nami nikaenda gulioni kumtafuta.

Nilifika nikiwa nyuma ya watu. Nikaona koti jeupe. Nikaona faili. Nikapasua umati, nikasimama mbele yake, na mjukuu wangu, sikumtambua. Mtu niliyemtazama miaka yote ile! Alikuwa amebadilisha nyayo. Alisimama kama mtu aliyesomea mbali na ambaye viatu vinambana.

"Bwana Mifugo," nikamwambia, "maksai wangu hali, na tezi zimevimba."

Alinitazama toka juu hadi chini. Macho yake yaling'aa ghafla. Baadaye nilielewa: alidhani kwamba baada ya miaka yote ile nimeamua kuingia mchezoni mwake.

"Toa ulimi," akasema.

"Wa maksai? Yuko nyumbani."

"Wako."

Nikautoa. Watu walianguka kama mtama uliokatwa. Nilidhani wanaucheka ulimi wangu, nikawadharau.

"Ugonjwa nimeuona," akasema, akiandika. "Dawa imekwisha kuagizwa, iko njiani. Wakati ukiingojea, mshike maksai mkia kwa mkono wa kulia, umzunguke kinyumenyume mara saba asubuhi na mara saba jioni, ukimwambia, 'Subiri, faili linakuja.' Usimpe mizizi, usimpeleke popote, usimpe dawa ya mtu mwingine. Siku tatu."

Utaniuliza, "Babu, uliamini?" Niliamini. Serikali ilikwisha kutuamuru mambo ya ajabu kuliko hayo. Ilituambia tubomoe nyumba tukajenge kando ya barabara, tupande kwa kamba, tuchome masalia ambayo baba zetu waliyaacha shambani, nasi tukatii, na mengine katika hayo yalifaa. Mtu mwenye koti na faili aliposema, mimi sikuwa na desturi ya kumhoji.

Nilirudi nikafanya alivyosema. Asubuhi nilimzunguka maksai nyuma ya boma ambako majirani hawaoni. Jioni vivyo hivyo. Jirani yangu mjuzi wa mizizi alikuja na dawa yake, nikamrudisha. Mwanangu alitaka kwenda Maswa kutafuta dawa ya chupa, nikamkataza. Siku ya tatu asubuhi nilishika mkia, nikaanza kuzunguka, na maksai alikunja magoti ya mbele, akalala, hakuinuka tena.

Bibi yako aliipata habari kisimani. Alirudi, akatua ndoo, akaja akasimama mbele yangu.

"Baba, yule uliyemtolea ulimi gulioni ni nani?"

"Bwana mifugo."

"Ni Mchekeshaji," akasema. "Wanawake wote wanajua. Wanasema ulicheza vizuri kuliko yeye."

Akaichukua ndoo yake, akaingia ndani. Nami aibu ilinipanda kutoka kwenye nyayo, pale ambapo Mchekeshaji alisema mtu huanzia.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kwenda kwake nikamtukana tukiwa wawili. Badala yake nilifanya jambo ambalo mtu mwenye heshima hulifanya akiogopa kuchekwa: nililigeuza kuwa jambo la watu wote. Katika mkutano wa kijiji, yeye akiwapo, nilisimama kama mzee wa baraza nikasema kwamba mchezo wa Bwana Mifugo unapotosha wananchi, kwamba watu wanafuata maagizo yake na mifugo inakufa.

Mwenyekiti akauliza, "Imekufa ya nani?"

Nikajibu, "Ya watu."

Mchekeshaji aliinuka. Sauti yake ilikuwa ya kwake mwenyewe, ile ya nyumbani, ambayo wengi hawakuwa wamepata kuisikia. "Namhala, ni kweli? Amekufa ng'ombe wa mtu kwa neno langu?"

"Ni kweli."

"Wangapi?"

"Mmoja unatosha."

Alibaki amesimama. Watu walianza kucheka, wakidhani kuna jambo linafuata, na kicheko kikafa chenyewe. Alilivua koti jeupe, akalikunja vizuri kama nguo ya marehemu, akaliweka juu ya meza ya mwenyekiti. "Basi," akasema, "asiwepo wa pili."

Hakuuigiza tena mchezo ule. Mnunuzi wa pamba alimbembeleza, akakataa. Watu wa redio walikuja na mashine yao wakamkuta anaezeka banda la mbuzi. Aliwapa maji ya kunywa, akawasindikiza. Watu wa vijiji vya mbali waliendelea kumletea majani ya pamba yenye ugonjwa na habari za ndama wanaoharisha, naye alimwambia kila mmoja wao kwa unyenyekevu, "Mimi si chochote, mzazi, nenda Maswa kwa wenye dawa." Akaendelea na vijisehemu vyake katika arusi na sikukuu, mlevi, karani, mama mkwe. Kisha mabanda ya video yakaja na jenereta zake, na watu wakapenda zaidi kutazama watu wasiowajua wakipigana mateke.

Miaka hiyo yote tulisalimiana. Hakunitafuta tena kwa macho katika umati. Hilo ndilo lililonionyesha nilichokiharibu.

Bibi yako naye alinitunzia siri, lakini si bure. Kila nilipokuwa mkali kupita kiasi, nikifokea watoto au kukataa ushauri, alisema polepole akiendelea na kazi yake, "Haya, mzunguke kinyumenyume." Nami nilinyamaza. Watoto walidhani ni methali. Alipofariki, niligundua kwamba duniani hakuna mtu awezaye kunirudisha mahali pangu kwa maneno matatu. Arobaini ilipopita, nilivaa shati la kanisani nikaenda Malampaka, ambako nilisikia kwamba Mchekeshaji anatunzwa na binti yake, karibu na stesheni.

Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba, meno machache. Binti yake na wanawake wawili wa jirani walikuwa wakipepeta mchele. Tuliamkiana kwa urefu, kila mmoja akauliza habari za mji wa mwenziwe. Alinipa pole kwa msiba. Kisha nikaona nikichelewa nitarudi na siri yangu nyumbani, nikasema mbele ya wale wanawake, bila kuwaomba waondoke.

"Yule ng'ombe alikuwa wangu."

"Ng'ombe gani?"

"Wa mkutano. Aliyekufa kwa neno lako. Nilisema ni wa watu. Alikuwa wangu. Nilikuuliza gulioni nikidhani wewe ni bwana mifugo wa kweli."

Ungo mmoja ulinyamaza.

"Wewe ulikuwa na ng'ombe wangapi wakati ule?" akauliza.

"Arobaini na kitu."

"Arobaini." Alitikisa kichwa. "Namhala, mimi nilidhani alikuwa wa mjane. Sijui kwa nini nilimweka mjane, tena mwenye ng'ombe mmoja. Kila nilipoona mama mwenye jembe la mkono nilijiambia, huyu. Nimemwomba Mungu kwa ajili ya mwanamke huyo miaka yote hii, na kumbe hakuwapo."

"Hakuwapo."

"Kulikuwa na wewe."

"Nilikuwapo mimi."

Nilingoja anifukuze. Binti yake alikuwa ananitazama kama ninavyostahili kutazamwa. Mchekeshaji aliegemea mbele, akaweka viganja magotini.

"Uliyafanya kweli? Asubuhi na jioni?"

"Siku mbili na nusu."

"Simama," akasema. "Nionyeshe."

Mimi ni mzee wa baraza. Nimeketi na wakuu wa wilaya, nimesuluhisha damu za watu. Sijawahi kucheza hata ngoma ya mavuno tangu nilipooa. Nilisimama. Niliegemeza fimbo ukutani, nikaunyosha mkono, nikaushika mkia ambao haupo, nikaanza kurudi nyuma katika ua ule, hatua kwa hatua, nikiwapita wanawake na nyungo zao. "Subiri," nikamwambia maksai, "faili linakuja."

"Polepole," akasema Mchekeshaji. "Ulikuwa unamwamini yule bwana. Mtu anayeamini hafanyi haraka."

Nikapunguza mwendo. Nikamzunguka maksai kama nilivyomzunguka nyuma ya boma, nikimtazama jicho linalotoka machozi, nikimwahidi kwa moyo wote. "Subiri. Faili linakuja."

Mwanamke mmoja alitupa ungo, akajifunika uso kwa kanga. Binti yake aliketi chini kwenye mchele. Mchekeshaji alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha sauti ikatoka, kubwa, ya mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwapa wengine kicheko na hakubakiza cha kwake. Alicheka hadi machozi yakamtiririka, akaashiria kwa mkono apewe maji.

Nilisimama nikihema, mkono ungali umeshika mkia.

"Umenisamehe?" nikamuuliza.

Alikunywa, akajipangusa macho, akazitazama kwa makini nyayo zangu.

"Ni mara saba, namhala," akasema. "Umezunguka mbili. Endelea."

Nikaendelea.